Barua ya wazi kwa wasimamizi wa milima ya theluji: hesabuni na watu

Kwa mnaoendesha magari ya kamba yanayopanda milima mirefu, kwa mameya wa mabonde yaliyo chini yake, kwa viongozi wa vyama vya waongozaji wa milima, na kwa mnaoandika taarifa za kila siku za hatari ya maporomoko ya theluji.

YAH: MSONGAMANO KWENYE MITEREMKO MIKALI

Waheshimiwa,

Salaam. Nawaandikia juu ya mahali ambapo mtu akianguka hasimami. Sizungumzii njia zilizosawazishwa kwa mashine, zenye nguzo za rangi na doria. Nazungumzia makorongo na kuta za theluji za nyuzi 45, 50, hata 55, zilizo juu ya magenge na nyufa za barafuto (mito ya barafu), ambako mtelezaji hana kinga zaidi ya makali ya skii zake na shoka lake la barafu. Zamani waliokwenda huko walihesabika kwa vidole. Sasa wanapanga foleni, na foleni hiyo inaanzia kwenye madirisha yenu ya tiketi.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote: hatari ni yangu, uamuzi ni wangu, nikianguka nimeanguka peke yangu. Sylvain Saudan, yule Mswisi aliyeshuka kwa skii korongo la Spencer kwenye Aiguille de Blaitière, juu ya mji wa Chamonix, Ufaransa, mwaka 1967, hakuwa na mtu wa kumpisha. Waliokuja baada yake miaka ya 1970 na 1980, kina Patrick Vallençant, Anselme Baud na Jean-Marc Boivin, walikuwa wachache kiasi kwamba mteremko ulikumbukwa kwa jina la aliyeushuka na mwaka alioushuka. Kwa mambo mengi walijiweka hatarini kuliko sisi. Skii zao zilikuwa ndefu na nyembamba, buti zao hafifu, utabiri wa hali ya hewa wa kubahatisha. Lakini hakuna aliyemwagiwa theluji kichwani na mtu asiyemjua.

Leo hali ni nyingine. Gari la kamba la kilele cha Aiguille du Midi limekuwa likipandisha watu tangu mwaka 1955. Linaanzia Chamonix, mita elfu moja na kitu juu ya usawa wa bahari, na kuwafikisha mita 3,777 kwa takriban dakika ishirini, na kabini moja hubeba watu zaidi ya 60. Asubuhi ya kwanza ya jua baada ya dhoruba, kabini za mwanzo hujaa watu wenye kamba begani na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, kiunoni. Wote wamesoma utabiri uleule. Wote wametazama kamera ileile ya mlimani kabla ya kulala, na picha za korongo lilelile zimewafikia kwenye simu jana yake jioni. Wakishatoka kwenye kituo cha juu wanagawanyika kwenye njia chache: korongo la Cosmiques, Glacier Rond, na nyingine mbili tatu kwa wenye roho ngumu zaidi. Moto wa Septemba 2018 uliounguza kituo cha gari la kamba cha Lognan ulikata njia ya kwenda juu kabisa ya kilele jirani cha Grands Montets, na mlango mmoja mkubwa wa kuingilia milima ile ukafungwa. Watelezaji hawakupungua kwa sababu mlango umefungwa.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na wingi wenyewe. Vifaa vimekuwa bora, mafunzo yamekuwa bora, na vijana wa leo wanateleza kwa ustadi ambao wazee wasingeuamini. Wapo wakongwe wanaotamani mlima ungefungwa siku moja baada ya wao kuingia. Mimi simo.

Ugomvi wangu ni na hesabu zenu. Kila kipimo cha hatari tunachopewa kinaupima mlima na kuwaacha watu. Tazameni kipimo cha Ulaya cha hatari ya maporomoko, kile cha ngazi 1 hadi 5 kinachotumika tangu mwaka 1993: kinasema habari za tabaka za theluji, upepo, joto, na miteremko inayoelekea upande gani. Tazameni vipimo vya ugumu wanavyotumia watelezaji wa Ufaransa: ngazi ya ugumu wa mteremko, na pembeni yake herufi E yenye namba 1 hadi 4 kuonyesha uko juu ya nini na ukianguka utaishia wapi. E4 maana yake ukiteleza umekwisha. Ni vipimo vizuri na nimevitumia. Ila hakuna hata kimoja chenye nafasi ya kuandika kwamba saa tatu asubuhi kutakuwa na makundi sita ndani ya korongo lenye upana wa mita tano, na kwamba wewe ni wa nne kutoka chini.

Penye wengi pana mengi, na kwenye nyuzi 50 hayo mengi yana mpangilio wake.

Kwanza ni theluji inayomwagika. Kwenye mteremko mkali kiasi hicho theluji laini haikai. Kila kona unayokata inaibomoa kidogo, nayo inateremka ikikusanya nyingine njiani. Mtelezaji mzoefu anaijua yake: anakata kona mbili tatu, anajisogeza pembeni kwenye kituta cha theluji kilichoinuka, anaiacha impite, kisha anaendelea. Ni ustadi wa kusikiliza na kusubiri. Lakini ustadi huo ni wa theluji uliyoiamsha mwenyewe. Ya watu wanne walioko juu huijui itakuja lini, na korongo halina pembeni ya kutosha. Inakupiga magotini ukiwa katikati ya kugeuka, uzito wote uko kwenye skii moja, na hapo haihitaji kuwa nyingi.

Pili ni kukwangua. Wa kwanza kushuka anakuta theluji laini ya kufika kwenye vifundo. Baadhi ya wanaofuata, kwa woga au kwa uchovu, hawageuki tena, wanashuka kiubavu, skii zikiwa mshazari, wakiikwangua theluji mita baada ya mita. Wa kumi anakuta barafu. Ni korongo lilelile, siku ileile, kwenye kitabu lina namba ileile ya ugumu, lakini huyu wa kumi yuko kwenye mlima mwingine kabisa, na hakuna aliyemwambia. Picha aliyoiona kwenye simu ilipigwa na wa kwanza.

Tatu ni kuanguka kwenyewe. Chukueni hesabu ya fizikia ya shule: kwenye mteremko wa nyuzi 50 wenye theluji ngumu, tukiacha msuguano kando, baada ya sekunde tatu mtu aliyeanguka anakaribia kasi ya kilomita 80 kwa saa na amekwenda zaidi ya mita 30. Msuguano hupunguza kidogo, si sana. Skii zake zina makali ya chuma, kramponi zake zina meno. Anapita palepale ulipo wewe, kwa kuwa korongo halina njia nyingine. Aliyeanguka akiwa peke yake ni msiba wa mtu mmoja na familia moja. Akianguka juu ya foleni ni jambo jingine.

Na foleni ipo. Makorongo mengi ya aina hii huanza kwa kushuka kwa kamba, kwa kuwa juu pana mwamba au ukingo wa theluji unaoning'inia. Msimu uliopita nilisimama kwenye mwanzo wa korongo moja, ambalo silitaji ili nisilitangaze, nikaangalia jinsi mambo yanavyokwenda. Nanga ilikuwa moja: boliti mbili kwenye mwamba na mnyororo uliochakaa. Watu sita walikuwa wamejifunga kwenye boliti hizo mbili, karabina (pete ya chuma ya kujifungia) juu ya karabina, kiasi kwamba aliyetaka kujifungua ilimbidi aombe watatu wengine wajisogeze. Skii zilizofungwa kwenye mabegi zilikuwa zinagonga kofia za jirani kila mtu alipogeuka. Wanaofika walikuwa wanakuja kwa juu yao, kwenye theluji yenye mwinuko uleule, mmoja akiwa amevaa kramponi mguu mmoja na wa pili anatafuta. Chini, mwisho wa kamba, kijana mmoja alikuwa anajaribu kuvaa skii kwenye kijukwaa alichokikanyagia mwenyewe, na kila aliyeshuka kwa kamba alimmwagia theluji. Alipiga kelele mara kadhaa. Juu hatukusikia neno, kwa sababu ya upepo. Tuliona mkono wake tu.

Hakuna aliyeumia siku hiyo, kwa hiyo haimo kwenye takwimu za mtu yeyote. Niliporudi bondeni nilimweleza mfanyakazi wa kampuni iliyotupandisha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: nje ya lango si eneo letu.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii.

Ni kweli kwamba nje ya lango si eneo lenu kisheria, na sitaki liwe. Uhuru wa kwenda mlimani kwa akili yako na kwa hatari yako ni urithi wa thamani, na Ufaransa imeulinda kuliko nchi nyingi. Lakini mlima hauwapangi watu. Gari la kamba ndilo linalowapanga. Enzi ya Saudan mtu alipanda kwa miguu korongo alilotaka kulishuka, na kupanda huko kulifanya kazi mbili bila mtu kukusudia: kulimpa saa kadhaa za kuipima theluji kwa buti na shoka, na kuliwatawanya watu. Wenye nguvu walifika alfajiri, wengine baadaye, wengi hawakufika. Sasa watu 60 wanafika dakika ileile, hawajagusa theluji hata kwa kidole, na dakika chache baadaye 60 wengine wako nyuma yao. Mnafungulia bomba halafu mnasema maji si yenu.

Msije mkaniambia kwamba watu wazima watajipanga wenyewe. Wangeweza, kama wasingekuwa wanashindana. Mtafiti Ian McCammon, aliyepitia ajali 715 za maporomoko nchini Marekani, alionyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita jinsi akili zetu zinavyotudanganya milimani, na moja ya mitego aliyoitaja ni uhaba: theluji safi inapokuwa chache na wanaoitaka ni wengi, watu hukubali hatari ambayo siku nyingine wangeikataa. Mtego mwingine ni nyayo za waliotangulia, ambazo tunazisoma kama cheti cha usalama. Kwenye korongo lenye foleni, mitego yote miwili imetegwa kwa pamoja. Hakuna anayetaka kusimama kuchimba theluji na kuitazama wakati kundi la nyuma linafunga mikanda. Hakuna anayetaka kuwa yule anayegeuza mbele ya macho ya watu kumi na wawili. Na ingawa kwa kawaida maporomoko mengi yanayofukia watelezaji huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake wa kundi, ndani ya korongo lenye makundi matano anayeanzisha anaweza kuwa mtu ambaye hamjawahi kusalimiana.

Kisha fikirieni waokoaji. Kikosi cha polisi wa milima mirefu cha Chamonix, PGHM, kilianzishwa mwaka 1958 baada ya msiba wa vijana wawili, Vincendon na Henry, waliokufa Mont Blanc huku bonde zima likitazama. Watu wale wanashushwa kwa waya wa helikopta kwenye mteremko ambao bado una watelezaji juu yake, waliokwama, wenye hofu, wasioweza kupanda wala kushuka bila kumwaga theluji. Ajali moja huvuta nyingine. Doug Coombs, mmoja wa watelezaji wakubwa kuwahi kutokea, alifariki kule La Grave, Ufaransa, Aprili 2006 alipokwenda kumtazama mwenzake aliyekuwa ameanguka genge. Hao walikuwa kundi moja, watu waliofahamiana na kuaminiana, na bado. Wekeni hapo wageni ishirini wanaozungumza lugha tano.

Tatizo hili si la milima ya Alps pekee, wala halihitaji gari la kamba. Tuckerman Ravine, kwenye Mount Washington kule New Hampshire, hakuna lifti. Watu wanatembea na skii mgongoni, na bado wikendi ya majira ya kuchipua huweza kuwakusanya kwa maelfu chini ya ukuta wenye sehemu zinazokaribia nyuzi 50 na zaidi. Pale kuna miamba ambayo watu hupenda kukaa wakila na kutazama wenzao, inaitwa Lunch Rocks. Iko kwenye njia ya vipande vya barafu vinavyobomoka kutoka ukutani jua linapopanda. Walinzi wa misitu wa serikali huonya kila mwaka, na kila mwaka miamba ile hujaa. Kitu kimoja nawasifia: wale walinzi wapo, wanaonekana, wanazungumza na watu. Onyo lililotoka mdomoni mwa mtu aliyesimama mbele yako lina uzito ambao bango halina.

Najua ofisini kwenu wazo la kwanza huwa ni vibali. Tafadhali, msianze hapo. Njia ya kawaida ya Mont Blanc kupitia kibanda cha Goûter inadai uthibitisho wa nafasi kibandani tangu mwaka 2019, na inaeleweka: vitanda vinahesabika, na kupanda kule kunapangwa wiki kabla. Mteremko mkali hauna kitanda cha kuhesabu. Uko tayari kwa asubuhi mbili, pengine moja, kisha upepo unaubadilisha. Mtu mwenye kibali cha Jumanne atakwenda Jumanne, hata kama usiku wa Jumatatu upepo umerundika theluji mahali pabaya, maana amelipa, ameomba likizo, na kibali kingine ni mwezi ujao. Nusu ya ustadi wa mchezo huu ni kuahirisha, nanyi mtakuwa mmeuadhibu.

Mfano wa Rogers Pass kule Kanada hutajwa sana kutetea vibali, lakini usomeni vizuri. Kibali cha kule kipo kwa sababu jeshi linapiga mizinga kwenye miteremko iliyo juu ya barabara kuu ili kuteremsha maporomoko kabla hayajaifukia barabara. Kazi ya mfumo ule ni kumwambia kila mtelezaji kila asubuhi ni eneo gani liko wazi na lipi limefungwa, na haujagawa milima kwa tarehe. Niseko kule Japani nako wana malango: doria huamua kila siku lango lipi lifunguliwe, na anayepita chini ya kamba ananyang'anywa tiketi. Hilo linafaa kwenye misitu na vilima vyao. Kwenye barafuto ya mita 3,800 lango la kufungwa na kufunguliwa litawafanya watu waamini kwamba likiwa wazi basi kuna usalama, na hiyo ni imani mbaya kuliko ujinga.

Ninachoomba ni kidogo zaidi. Naomba ubao.

Mahali ambapo watu wanatoka kituoni kwenda kwenye theluji, wekeni mtu mmoja mwenye redio, na ubao mkubwa. Ubao una majina ya makorongo na kuta zinazofikika kutoka hapo. Kila kundi linalopita linaulizwa: mnakwenda wapi, mko wangapi? Linaandikwa. Cosmiques, makundi manne, la mwisho limetoka saa tatu na dakika kumi. Hakuna anayezuiwa. Hakuna jina la mtu linaloandikwa. Ubao huohuo unaonekana kwenye simu kwa walioko bado bondeni kwenye foleni. Ninawajua watelezaji, na nina hakika kwamba sehemu yao wakiona makundi manne watabadilisha mpango palepale, au watakunywa kahawa kwanza na kusubiri nusu saa. Si kwa sababu ni watakatifu. Hakuna anayependa kuteleza kwenye theluji iliyokwanguliwa na watu kumi na tano. Na kikosi cha uokoaji kikipigiwa simu, kitajua mara moja kuna wangapi juu ya majeruhi.

Mwanasheria wenu atasema ukishahesabu umewajibika. Namwelewa. Lakini nchini Ufaransa meya tayari ndiye mwenye jukumu la usalama wa umma katika eneo lake, na mlima umo. Kutokujua hakumwondolei jukumu hilo. Andikeni juu ya ubao kwa herufi kubwa kwamba hii ni taarifa tu na wala si ruhusa, kama mnavyoandika kuhusu taarifa ya maporomoko, ambayo nayo haijawahi kuwa ruhusa na hakuna aliyeifuta kwa kuogopa kesi.

Asubuhi ile ya kwanza baada ya dhoruba, ongezeni pia nafasi kati ya kabini mbili au tatu za mwanzo. Dakika kumi na tano tu. Najua ni fedha. Ni asubuhi chache kwa msimu mzima, na mnazijua kabla hazijafika, kwa sababu namba zenu za kuhifadhi nafasi zinawaambia.

Kuhusu nanga, hilo ni la vyama vya waongozaji zaidi. Panapokuwa na foleni ya kamba kila siku nzuri, wekeni nanga ya pili pembeni, nje ya mstari wa kuangukia, ili anayesubiri asining'inie chini ya anayefika. Na mtu wa chini apate mahali pa kuvaa skii pasipomwagiwa theluji. Boliti nne na nusu siku ya kazi. Wapo watakaosema kuongeza boliti ni kuvuta watu wengi zaidi; watu wameshakuja. Waongozaji pia wangeweza kupeana saa wao kwa wao badala ya kuacha kamba kwenye nanga kushikilia nafasi, jambo ambalo wanajua linatokea.

Redio ni hivyohivyo. Chagueni mkondo mmoja wa kuitana ndani ya makorongo, uandikwe langoni. Yule kijana aliyekuwa anapunga mkono alikuwa na redio kifuani, na watatu kati yetu tuliokuwa juu tulikuwa nazo.

Kwenu mnaoandika taarifa za maporomoko, naomba mstari mmoja tu. Mnajua siku ambazo msongamano utatokea: jua la kwanza baada ya theluji, likizo za shule, msimu mbaya ambapo ni makorongo mawili tu yanayopitika. Iandikeni hiyo kama mnavyoandika upepo. Mtu akisoma "hatari ngazi ya 2, msongamano mkubwa unatarajiwa kwenye miteremko inayotazama kaskazini", atapanga vingine kuliko akisoma ngazi ya 2 peke yake.

Na mabango. Mabango yenu ya matangazo mjini na kwenye vituo vya treni yanaonyesha mtelezaji mmoja kwenye ukuta mweupe usio na alama, kisha chini yake bei ya tiketi ya siku. Kama nje ya lango si eneo lenu, basi msiliuze.

Mwisho, chapisheni zile siku ambazo hakuna aliyeumia. Waokoaji na doria wanazijua: mtu aliyesombwa na theluji ya kundi la juu akasimama mita mbili kabla ya genge, skii iliyofunguka ikapita kati ya watu wanane. Hizi hazimo popote isipokuwa kwenye mazungumzo ya jioni. Korongo kwa korongo, mara moja kwa mwaka, bila majina. Bila hizo tutaendelea kubishana kwa hisia, mimi kwa zangu na nyinyi kwa zenu.

Haya yote hayatekelezwi msimu mmoja, nalifahamu hilo. Ubao unaweza. Tuko watelezaji kadhaa tulio tayari kushika zamu ya kusimama nao bila malipo katika wikendi za Februari na Machi, kuanzia kabini ya kwanza, mkitupa redio na mahali pa kuutundika. Nitafika kwenye ofisi zenu wiki ya kwanza ya Desemba kusikia jibu.

Wasalaam,

Mtelezaji, mteja wenu wa kila msimu